Tulivyovifikisha Gombani Viazi vya Mkamwana Wangu

Nlitoka Shumba kwa sababu ya viazi. Chekeni mumalize, nangojea. Watu hutoka kwenda kuhiji, hutoka kwenda hospitali, hutoka kwenda kuoza watoto wao. Mie Bi Raya, mwenye wajukuu kumi na mmoja na magoti mawili yasiyosikia dawa, nlitoka kwangu Shumba Viamboni nkenda Chake siku tatu kwa sababu ya viazi vitamu vilokaushwa. Na kurudi nlirudi kama biharusi. Basi kaeni nkuhadithieni, maana kila mtu hapa ana lake alilolisikia, na aliyekwenda ni mie.

Mwanzo wake ni mwanangu Kombo. Kombo alikwenda bara kutafuta maisha kama wanavyokwenda vijana wetu wote wa Pemba, akatupa nanga Nzega, huko Tabora, mahali ambapo bahari watu wanaisikia kwa jina tu. Hakuwa na chochote ila furushi la vitambaa. Mzee mmoja wa hapo, Mnyamwezi, Muislamu, akamwazima baraza ya nyumba yake auzie. Hakumuuliza umekuja lini, utaondoka lini. Alimwambia kaa hapa, jua kali. Baraza ikawa kiduka, kiduka kikawa duka, na yule mzee mwisho akamuoza binti yake. Binti mwenyewe ndiye Nyamizi.

Marehemu mume wangu alipougua, Kombo akaniletea Nyamizi na watoto wawili wakae na mie, mwenyewe akawa huja na kurudi na biashara yake. Mume wangu Mungu akamchukua, Nyamizi akabaki. Mrefu, mweusi wa kupendeza, mkono wake haukai bure. Mkamwana nkapata, alhamdulillah.

Sasa, Shumba tuna viazi. Msimu wake ukifika vinamwagika, huna wa kumuuzia, jirani ukimpa anakwambia na mie ninavyo. Vyengine wanakula ng'ombe, vyengine vinaoza. Halafu ije Ramadhani, utafute kiazi cha futari! Utazunguka mpaka Konde ukione kimoja kimekaa juu ya meza peke yake kama sultani. Tangu nina akili ndivyo ilivyo. Mwaka wa kwanza Nyamizi akatizama lile fungu lililokuwa linaoza uani kwangu, akanambia, "Mama, hivi vyote vya nini?"

Nkamwambia, "Vya kuoza."

Akacheka. Akateka maji, akavichemsha, akavimenya, akavikata vipande vyembamba, akafunga kichanja cha miti kinachofika kifuani pa mtu ili kuku wasifike, akavianika juu ya mkeka. Siku ya nne vimekuwa vigumu, rangi ya asali iliyokaa. Kwao wanayaita matobolwa. Mie nkasema hizi mbao, na meno yangu nnayajua idadi yake. Lakini Ramadhani ilipoingia akayarowesha, mie nkakuna nazi, nkatia tui zito na hiliki na sukari kidogo. Tulipofuturu nlikaa kimya. Na mie kukaa kimya si ada yangu, wanaonijua wanajua.

Wanawake wakaja kujifunza, mmoja mmoja, mpaka tukawa kikundi. Kila nyumba ikawa na dumu lake la matobolwa ya Ramadhani limefichwa mvunguni. Lakini Nyamizi mwenyewe, kwenye harusi hapewi kazi ya kupika, kwenye mkutano hapewi neno. Na bingwa wa maneno ni wifi yangu Bi Mkasi, dada wa marehemu. Bi Mkasi alijaza madumu mawili, si moja, na bado akisema: "Mtu wa kuja hakai mbele. Leo yuko, kesho keshapanda meli."

Ndipo sheha akatuletea habari. Kule Chake, Gombani, pembeni ya kiwanja cha mpira, kutakuwa na maonesho ya vikundi vya kinamama, na kuna mradi utatoa banda la kukaushia vyakula, lenye paa la kupitisha jua, kwa kikundi kimoja tu cha huku kaskazini. Kikundi kilete kitu chake. Atakayesimama mbele kukieleza ndiye atakayefundishwa na kulisimamia banda. Basi yakawa maneno wiki nzima. Kuvipeleka viazi wanataka, Nyamizi asimame mbele hawataki.

Siku moja tunapepeta mchele, Nyamizi akanambia bila ya kunitizama, "Mama, mie nimechoka kuwa mgeni mwaka wa tatu. Hili banda tukilikosa, au tukilipata wakampa mwengine, nawachukua watoto narudi kwetu. Kombo atanifuata."

Ungo ulinitoka mkononi. Anaenda yeye, wanaenda wajukuu wawili, anaenda na mwanangu! Nkajibu pale pale: twende Gombani, mie na wewe, na atakayesema neno aje aseme kwangu.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, tulipakia gunia letu kwenye gari ya ng'ombe ya jirani. Gunia moja, lakini lilikuwa gunia! Tulichagua kipande kwa kipande, kilichopinda kikatolewa, chenye doa kikatolewa. Nlikuwa nimeweka pia tunu ya mwenyeji wetu: mkungu wa ndizi na jogoo nlomfunga miguu. Maana kwetu huwezi kutoka shamba ukenda mjini kwa mtu umeninginiza mikono kama fagio, watakuona umekuja kula.

Bi Mkasi akaja kutuaga. Alikuja kutuaga au kutuchoma, Mungu ndiye anayejua. Akasimama kando ya njia, kajifunga kanga.

"Wifi, na magoti hayo unakwenda kusimama kwenye maonesho?"

"Magoti yangu mabovu, wifi, ulimi mzima."

"Na huyo ndiye msemaji wenu? Watu wa Chake watauliza, Shumba kumekwisha watu?"

"Watauliza, Shumba kuna viazi gani. Nyumba gani vilitoka wataambiwa."

Basi mie nikajibu, yeye akajibu, ng'ombe naye akaona tunachelewa akaondoka zake. Nkarukia gari, kwa umri huu! Tulipofika njia ya lami ndipo nkamkumbuka jogoo. Jogoo yuko barazani kwangu, na ndizi ziko naye.

Konde tulipata keri, kile kigari cha mizigo, iliyokuwa inakwenda Chake na magunia ya mwani. Dereva akatupa nafasi mbele, mie kati, Nyamizi dirishani. Njia hiyo nimeipita mara nyingi, lakini siku ile niliiona kwa macho ya mwenzangu. Vilima vinashuka vinapanda, mabonde ya mpunga chini yake, na kila penye uwazi karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, harufu inaingia mpaka kwenye nguo. Nyamizi akasema, "Kwetu ni tambarare, Mama. Ng'ombe wa mtu akipotea unamwona anapotea siku tatu."

Dereva alicheka nusura tuingie mtaroni.

Penye majamvi mengi walikuwako vijana wanaochambua karafuu, nkasikia wanaongea, si Kipemba kile. Dereva akasema hao wamekuja kuchuma, wengine kutoka Unguja, wengine bara, kila msimu huja. "Wasingekuja hawa, karafuu zingekauka mtini." Nkamgonga Nyamizi kiwiko. Unasikia? Akasema nimesikia, Mama, na kiwiko chako kikali.

Saa nne tuliingia Chake, Tibirinzi, kwa Bi Time, mtoto wa mamangu mdogo. Huyu ni mtu wa mapenzi, mnene, mcheshi, akikukumbatia unatafuta pumzi. Hodi hatujamaliza keshatoka nje.

"Da Raya! Na mkwe! Karibuni, karibuni, mwaja na Ijumaa yenu!" Akatutizama mikono. Kisha akaliona gunia. Uso ukafunguka kama mlango. "Na tunu yote hii? Jamani, mumejitia tabu! Gunia zima!"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nlipokosea, na kosa ni langu peke yangu. Nyamizi alikuwa bado yuko njiani anamlipa mchukuzi, hakusikia. Mie nkafungua mdomo niseme, hili si tunu. Mdomo ukafunga. Nimwambie nini mtoto wa mamangu mdogo? Kwamba nimetoka Shumba mpaka kwake sina hata ndizi? Nkajisemea, atachota bakuli moja, gunia halipungui, nitamweleza baadae. Nkasema, "Pokea, mdogo wangu. Kidogo tulichojaaliwa."

Kidogo tulichojaaliwa!

Saa nane, wanaume wametoka msikitini, tukala, tukatoka mie na Nyamizi kwenda Gombani kutizama pahala petu. Mahema yamesimama, meza zimepangwa, karatasi yenye jina la kila kikundi imebandikwa. Letu limeandikwa vizuri, Nyamizi akalisoma mara mbili na kidole. Bibi mmoja wa mradi, mwembamba mwenye miwani, akatupa masharti kwa upole kabisa: "Kesho saa tatu, kitu kikavu kiwe juu ya meza. Tutakivunja, tutakipima unyevu, watu wakione. Asiye na kitu meza yake tutampa mwengine." Nkamjibu, "Mwanangu, letu gunia zima." Nkatembea kurudi kwa mbwembwe, magoti nimeyasahau.

Alasiri tulipoingia uani kwa Bi Time, nliona mabeseni. Matatu, makubwa, yale ya kufulia. Kila moja limejaa maji, na ndani yake matobolwa yetu yamelala yamevimba kama watu waliokula harusi mbili.

Bi Time anajifuta mikono, furaha tupu. "Da Raya, makavu kama pweza wa mwaka jana! Nkasema haya bila kuroweshwa usiku hayapikiki. Nimeyatia yote. Nimeshawaambia majirani wote waje kesho, tunu ya dada yangu tutakula mtaa mzima!"

Ndivyo tunavyofanya Pemba. Mgeni akileta tunu, huiweki kabatini, unaipika naye yupo, na jirani apate. Na kitu kikavu kinaroweshwa, pweza au makopa ya muhogo. Mtu wa Pemba yeyote angefanya vile vile. Bi Time hakukosea hata chembe.

Nyamizi aliinama akachota kipande. Kikamkatikia mkononi, laini. Akanitizama.

"Mama, nani kamwambia hii ni tunu?"

Nkatafuta pa kutizama. Nkasema, "Mie."

"Umemwambia?"

"Sikumwambia. Alisema yeye. Mie sikukataa."

Bi Time akashika mdomo. "Kwani si tunu? Toba! Toba, da Raya! Kwa nini hukunambia?"

"Jogoo nimemsahau," nkasema. Nkaona maji yananitoka machoni. "Nliona haya kuja mikono mitupu."

Nyamizi akaketi juu ya mbuzi ya nazi. Nlingoja anitukane, wallahi ningelimsamehe. Mwisho akasema, taratibu, "Mama, nyinyi watu huku hamjui kusema hapana? Kwetu mtu angesema, bibi wee, acha gunia langu."

"Tunajua. Tunalisema baadae."

Hapo akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. Akasema, basi yameisha, Mama. Kesho hatuna cha kuweka juu ya meza. Tupike hizi majirani wale, Jumapili turudi, nikafunge mizigo.

Nkamwambia Shumba kila nyumba ina dumu mvunguni. Tupige simu. Akatikisa kichwa. "Yale ni ya Ramadhani yao. Anitolee mie nani? Angekuwa anayeomba mtu wa pale, sawa."

Kabla ya magharibi nkampigia Bi Mkasi mwenyewe. Ndiyo, Bi Mkasi. Ukitaka mlango ufunguke, gonga ule mgumu, ule mwepesi utafunguka wenyewe. Nikamweleza yote, jogoo, tunu, mabeseni. Nikasikia anapumua.

"Kwa hivyo," akasema, "mwataka matobolwa ya futari yangu."

"Ya kwako, na ya wenzako."

"Ili akasimame nayo huyo."

"Ili akasimame nayo mke wa mtoto wa kaka yako. Mkasi, nisikilize. Kombo alipofika kwao alikuwa na furushi. Babake huyu alimpa baraza yake. Angemwambia mtu wa kuja hakai mbele, Kombo leo angekuwa wapi? Bara nzima hakuna soko ambalo hulikuti duka la Mpemba. Wote hao ni watu wa kuja."

Simu ikakata. Nikapiga tena, haipatikani. Nyamizi alikuwa nyuma yangu, kasikia upande wangu wote. Alichukua nazi akaanza kukuna, na mie nkachukua nyengine, na Bi Time anamenya hiliki huku anajilaumu, nkamwambia akijilaumu tena nitarudi kwa miguu Shumba.

Jumamosi asubuhi tulipika masufuria mawili makubwa. Nyamizi aliniambia banda tukilikosa, chakula tusikikosee. Majirani tukawaambia waje kula huko huko, tukayachukua Gombani kwa toroli pamoja na vibakuli vyote vya mtaa wa Bi Time. Saa mbili na nusu meza yetu ina kitambaa cheupe na sahani tupu katikati. Meza ya jirani zetu ina chumvi, ile ya mbele ina sabuni za mwani, ile ya pili asali. Sisi sahani. Watu wanapita wanatizama sahani, wanatutizama sisi, wanaenda zao.

Saa tatu kasoro, yule bibi mwenye miwani anakuja, daftari mkononi, meza kwa meza. Chumvi akaionja. Sabuni akainusa. Nyamizi kakunja mikono, anatizama chini. Mie nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni na mbili nilizotunga mwenyewe.

Ndipo nkasikia sauti. Ile sauti huisikia hata maiti.

"Pisheni! Pisheni wenyewe! Hamuoni mtu kabeba?"

Bi Mkasi! Kajitwika kikapu, nyuma yake wanawake sita wa Shumba, kila mmoja na kikapu au dumu lake. Wametoka na keri ya kwanza, hawajanywa hata chai. Kumbe jioni ile simu haikukatwa, iliisha chaji, na yeye wakati ule ule alijifunga kanga akaenda mlango hadi mlango. Baadae waliniambia kuwa nyumba ya kwanza walimkatalia, akawaambia, "Dumu lenu mumefundishwa na nani?" Wakatoa.

Akatua kikapu juu ya meza, puu. Nyamizi kasimama kama mlingoti.

"Usinitizame hivyo," Bi Mkasi akamwambia. "Nimekuja kwa ajili ya jina la Shumba." Kisha akakitizama kitambaa, akanyoosha pembe yake. "Na jogoo wako, wifi, yuko kwangu. Kala ndizi zako zote."

Tukamwaga matobolwa kwenye sahani, sahani zikawa tatu, zikawa tano. Si yale tulochagua kipande kwa kipande. Haya ni ya kila nyumba, mengine marefu, mengine mafupi, mengine yamekatwa na mtu asiyeona vizuri. Lakini makavu! Yule bibi akafika, akachukua kimoja, akakivunja. Tak. Akachukua cha dumu jengine. Tak. Akatia kidude chake cha kupimia unyevu, akakisoma, akatoa tena akasoma. Akauliza, "Haya yametoka nyumba moja?"

"Nyumba zote," nkasema.

"Na nani aliyekufundisheni?"

Hapo Nyamizi akanisukuma mie. Mie nkafungua mdomo nimtaje, na hapo hapo Bi Mkasi akanitangulia. Akamshika mkono Nyamizi akamtoa mbele kama mtu anavyotoa biharusi ukumbini.

"Huyu hapa. Mke wa mwanetu. Muulize yeye, mie najua kula tu."

Basi Nyamizi akasema. Jamani! Miaka mitatu sijasikia maneno yote yale. Alieleza kiazi gani kinafaa na kipi kinapasuka, uchemshe mpaka wapi, ukate unene gani, kwa nini kichanja kiwe juu na si chini kwenye mchanga, ukianika siku ya mawingu ufanye nini. Akasema banda tukilipata hatutongoja jua la Mungu peke yake, na wazee wasioweza kwenda shamba watakaa wakate, na mama mwenye mtoto mchanga atafanya kazi hapo hapo kivulini. Alipochoka akafunua sufuria.

Harufu ya tui na hiliki ilipita mahema mazima. Watu wakaja, foleni ikazunguka meza ya asali, wenye asali wakaja na wao. Katika foleni alikuwepo kijana mmoja fundi wa nyumba, mchanga wa saruji bado uko kwenye nywele. Akaonja, akasita, akamtizama Nyamizi akamwambia maneno ya kwao. Nyamizi akaruka, "Wa Igunga!" Jirani na Nzega kabisa. Yule kijana machozi yamemlenga machoni, anakula anacheka. "Dada, tangu nifike Pemba sijayaona. Lakini hili tui nani amelitia?"

"Mimi," nkasema.

"Bibi, kwetu tunayala na karanga na maziwa. Hili tui hatukulijua."

"Basi ukirudi kwenu uwaambie, bibi mmoja wa Shumba amekusalimuni na tui."

Adhuhuri walitangaza. Nlikuwa nimekaa juu ya dumu tupu nalinyoosha goti, nkasikia Shumba. Sikusikia mengine, kwa sababu Bi Time alinikumbatia nkakosa pumzi, na kinamama walipiga vigelegele mpaka waliokuwa wanafanya mazoezi kiwanjani wakasimamisha mpira. Banda letu. Na karatasi ikatolewa ya msimamizi, yule bibi akauliza aandike jina gani. Wanawake sita na Bi Mkasi wakajibu kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, na kwenye ile karatasi likaandikwa jina la Nyamizi. Akatia saini. Saini ilinyooka.

Jumapili tulirudi. Bi Time alitupakilia tunu ya kurudia, mkate wa ufuta na boga zima, na nikamwambia haraka mbele ya watu, "Hili boga ni langu au la kupeleka mahali?" Akanichapa na upande wa kanga. Konde gari za ng'ombe mbili zilikuwa zinatungojea, mmoja wa wale ng'ombe kavishwa kanga shingoni. Nliingia Shumba nimekaa juu kabisa, Nyamizi ubavuni kwangu, wajukuu wawili wanakimbia pembeni wanapiga madumu matupu. Bi Mkasi ametangulia mbele anaelezea mwenyewe jinsi alivyolipata banda. Nkamwacha. Kwa sehemu, kweli alilipata yeye.

Nlichojifunza nakwambieni kwa ufupi, maana jua linazama na sijasali alasiri. Mtoto wetu akitoka kwenda bara au Arabuni tunamsomea dua, tunamwombea apokewe. Hatujiulizi huko anapokewa na nani. Anapokewa na mtu ambaye naye ana mlango na ana majirani wenye maneno. Na mtu akija kwetu, haji na mdomo wa kula peke yake, anakuja na mikono, na mikono ile inajua kitu ambacho yetu haijui. Nyamizi alileta kiazi kikavu, sisi tukatia tui. Kiazi peke yake ni mbao, tui peke yake ni maji meupe. Hilo nimelijua uzeeni, nimekwenda kulijulia Gombani.

Sasa banda linajengwa, kwenye kiwanja cha Bi Mkasi, kakitoa mwenyewe kwa sababu jua linakaa pale kutwa. Juzi tumekaa hapo tunatizama mafundi, wakaja kinamama wanne wa kutoka kijiji cha pili, wamevaa vizuri, wamekuja na mkungu wa ndizi. Wakasalimu, wakakaa, wakazunguka zunguka mwisho wakasema: wamesikia habari, wanaomba tuwaazime Nyamizi wiki mbili akawafundishe.

Nyamizi kabla hajafungua mdomo, Bi Mkasi kashainuka, mikono kiunoni.

"Wiki mbili? Wa kwetu huyu! Na nyinyi waacheni wana wenu wende bara wakaoe, mpate wenu!"

Wale kinamama wakatizamana. Nyamizi anacheka, kajifunika uso na kanga. Kisha akaupokea ule mkungu wa ndizi, akauweka mbele yangu, akasema kwa sauti ya mtu aliye kwao, "Shangazi, kaa chini. Jumatatu naenda. Na wewe unakuja na mie, ukawaeleze namna ya kula."

Bi Mkasi akakaa. Kasema tu, mbona hamkunambia mapema, nikapeleka kanga zangu kwa dobi.